Usikitupe Kilichovunjika: Kutengeneza Kipande Kipya cha Faiba kwa Yoti ya Zamani

Yoti ya faiba iliyoundwa miaka ya 1960 au 1970 ina tatizo ambalo jahazi halina. Jahazi likivunjika ubao, fundi huchonga mwingine palepale ufukweni kwa tezo na jicho lake. Boti ya faiba haikuchongwa. Ilijengwa tabaka kwa tabaka ndani ya kalibu za kiwandani, na nyingi ya kalibu hizo hazipo tena. Pearson Triton ya Marekani, iliyosanifiwa na Carl Alberg na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959, iliundwa kwa mamia, lakini kampuni yake iliacha kuunda boti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Westerly Centaur ya Uingereza ilitoka kati ya 1969 na 1980, zaidi ya boti 2,400. Bodi za boti hizi bado ni nzima kwa sababu faiba haiozi na haina ladha kwa wadudu wa baharini. Vinavyokufa ni vipande vidogo: mfuniko wa mlango wa juu, kisanduku cha dira, kifuniko cha kasha la chini ya benchi anapokaa mshika usukani. Mwenye boti wa Kilifi, Mtwapa, Tanga au Msasani hana duka la kuagiza kipande hicho, na hata angelipata, nauli na ushuru vingeizidi bei ya kipande chenyewe.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja: kile kipande kilichovunjika ndicho mchoro bora utakaoupata, na kazi yako ya kweli ni kutengeneza kalibu kutoka kwake. Ukishapata kalibu nzuri, kipande kipya ni kazi ya siku mbili tatu. Ukianza na kipande bila kalibu, utamaliza wiki nzima ukipiga msasa na bado hakitafanana na mwenzake wa upande wa pili.

Sababu iko katika tabia ya faiba yenyewe. Katika kazi ya faiba, upande mmoja tu hutoka laini, nao ni ule uliogusa kalibu. Upande wa pili hubaki na alama za brashi na nyuzi. Ndiyo maana kosa la kwanza la wengi, la kupaka nta juu ya kifuniko cha zamani na kukilazia faiba moja kwa moja wakitegemea kupata nakala, huishia kwenye kitu cha ajabu: laini kwa ndani, kinachokwaruza kwa nje, na kikubwa kuliko asili kwa unene wa faiba kila upande, hivyo hakiingii kwenye nafasi yake. Kile walichotengeneza bila kujua ni kalibu. Walikuwa wamefika katikati ya safari wakadhani wamefika mwisho.

Kuna watakaosema kwamba kalibu kwa ajili ya kipande kimoja ni ufujaji wa rezini. Hoja hii ina uzito kwa kipande bapa kisicho na kingo za kushuka. Kwa kipande cha namna hiyo, plaiwudi nzuri iliyofunikwa faiba pande zote, au hata ubao wa mvule au msaji mikononi mwa seremala anayejua kazi, ni jibu la haki, na hakuna aibu yoyote. Lakini kifuniko cha kasha kwa kawaida si bapa. Kina midomo inayoshuka pande nne ili maji yasipenye, kina mviringo kwenye kona, na juu yake kina vichuguu vidogo vya kuzuia mguu usiteleze. Vichuguu hivyo havipigwi kwa brashi wala haviigizwi kwa mchanga uliomwagwa kwenye rangi. Kalibu huvinakili vyote kwa mara moja, bila wewe kuvifikiria. Na kuhusu gharama, kalibu ya kifuniko kidogo hula kama kilo mbili na nusu za rezini. Linganisha na saa utakazotumia kusawazisha nje ya kipande kilichotengenezwa kwa macho, ukikumbuka kwamba vumbi lote hilo ni la glasi.

Kuna pia hoja ya unene. Inasemwa kwamba boti za zamani zilikuwa nene na ndiyo maana zimedumu, kwa hiyo kipande kipya nacho kiwe kinene. Ni kweli kwamba waundaji wa mwanzo, wakiwa hawajaielewa vizuri faiba, waliongeza tabaka kwa tahadhari. Lakini kwa kifuniko kinachokanyagwa, kinachotakiwa ni ukakamavu kuliko uzito, na ukakamavu hukua kwa mchemraba wa unene: ubapa ukizidishwa unene mara mbili, huwa mkakamavu mara nane. Chukua faiba tupu ya milimita 5. Igawe katikati, milimita 2.5 juu na 2.5 chini, na uweke kati yake moyo mwepesi wa milimita 10. Glasi ni ileile, uzito umeongezeka kidogo tu, lakini kwa hesabu ya nadharia ukakamavu umepanda karibu mara 19. Kwa hiyo unaponakili kipande cha zamani, nakili umbo la nje kwa uaminifu wote na usifungwe na unene wake wa ndani. Kama moyo wake ulikuwa balsa iliyooza, huo ni ushahidi wa mahali maji yalipoingilia, na utaurekebisha katika kipande kipya.

Vifaa kwa kifuniko cha sentimita 60 kwa 45 chenye mdomo wa sentimita 4

Eneo lake ni kama mita 0.35 za mraba. Kalibu, pamoja na ukingo wake wa pembeni wa sentimita 10, ni kama mita 0.6 za mraba. Vipimo vifuatavyo vinajumlisha kalibu na kipande, na nyongeza kidogo ya kinachopotea:

- Mati ya faiba ya gramu 300 kwa mita ya mraba: mita 1 ya mraba
- Mati ya gramu 450: mita 3.5 hadi 4 za mraba
- Rezini ya poliesta: kilo 5
- Jelikoti, yaani tabaka la nje laini lenye rangi: kilo 1, ya aina ya iso ikipatikana, kwa kuwa huvumilia maji na kalibu vizuri zaidi
- Hadina ya MEKP: chupa ndogo ya mililita 100
- Nta ngumu ya kalibu isiyo na silikoni, na PVA ya maji ya kuachanisha
- Povu gumu la PVC au balsa ya milimita 10 kwa ajili ya moyo
- Puti ya magari, plastisini, ubao laini wenye melamini, rola ndogo ya chuma yenye mifereji, brashi za bei nafuu, asetoni
- Mizani ya jikoni na mabomba ya sindano ya mililita 5 na 10

Vifaa hivi si vigeni Mombasa wala Dar es Salaam. Mafundi wa boti za uvuvi za faiba, wa matangi na wa bodi za mabasi huvitumia kila siku. Kinachokosekana kwa wengi ni mizani, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Ukiamua kumpa fundi kazi hii, muulize anapimaje hadina. Akikujibu kwamba anaona kwa rangi, mnunulie bomba la sindano kabla hujamlipa malipo ya awali.

HATARI: soma kabla ya kufungua kopo

- Rezini nyingine huuzwa bila kiharakishi, yaani kobalti, nayo huja kwenye chupa yake. Usichanganye kobalti na hadina ya MEKP moja kwa moja hata kidogo. Hushika moto au kulipuka. Kobalti huingia kwanza kwenye rezini na kukorogwa vizuri, ndipo hadina ifuate. Chupa hizo mbili zikae mbalimbali hata kwenye rafu. Rezini iliyokwisha kutiwa kiharakishi kiwandani haihitaji kobalti tena.
- Tone la hadina jichoni linaweza kupofusha. Vaa miwani ya kukinga. Likiingia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali papo hapo.
- Mvuke wa stairini ni mzito kuliko hewa, hutuama chini. Usifanye kazi ndani ya boti wala chumbani. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke; unahitaji yenye vichujio vya kemikali. Wakati wa kukata na kupiga msasa ndipo barakoa ya vumbi inahitajika.
- Rezini iliyotiwa hadina ikabaki kwenye kopo huchemka yenyewe na inaweza kutoa moshi. Imwage kwenye trei pana nje, mbali na asetoni, isambae.
- Usioshe mikono kwa asetoni. Vaa glovu na ubadilishe mara kwa mara.

Kwanza: andaa kipande mama

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko popote, kwa sababu kalibu haisamehe. Itanakili mkwaruzo, tone la rangi, hata alama ya kidole kwenye nta. Lakini hapa pia kuna nafuu ambayo wengi hawaioni. Kipande mama, yaani kile cha zamani unachokinakili, hakihitaji nguvu. Kinahitaji umbo na uso tu, na kwa siku moja. Huhitaji kukikarabati kana kwamba kitarudi baharini.

1. Ondoa bawaba, kufuli na skrubu zote. Kabla hujaondoa, piga picha na chukua vipimo vya matundu kutoka kingo mbili, kwa sababu matundu hayo utayaziba.
2. Osha kwa sabuni, kisha kwa asetoni. Kifuniko cha miaka 50 kimenyonya dizeli, mafuta ya samaki na ving'arisho vya silikoni, na hivyo vyote hukataa puti.
3. Unganisha vipande vilivyovunjika kwa upande wa chini. Vipange juu ya ubao ulionyooka, uso ukitazama chini, na uvifunge kwa vipande vya mati na rezini kwa nyuma. Kama kuna kipande kilichopotea, bandika mkanda kwa nje na ujaze kwa nyuma. Sehemu ya chini inaweza kuwa mbaya kwa kadiri inavyotaka, hakuna atakayeiona.
4. Geuza. Jaza nyufa na matundu kwa puti ya magari, piga msasa kuanzia namba 80 hadi 400, kisha 600 na 1000 kwa maji. Kona zote za ndani na nje ziwe na mviringo wa milimita 5 au zaidi. Faiba haipendi kona kali: mati hukataa kukunjika na kuacha pango la hewa chini ya jelikoti, nalo hupasuka mara ya kwanza kikombe kikiangukia hapo.
5. Kwenye vichuguu vya kuzuia kuteleza usipige msasa. Safisha kwa mswaki. Palipolika, acha palipolika, au chukua kipande kidogo cha mfano kutoka sehemu nzima kwa kukandamiza plastisini na ukihamishie palipolika.

Kama utapaka rangi ili kusawazisha uso, jihadhari na rangi za kawaida za kopo la kupuliza. Stairini iliyo kwenye jelikoti huziyeyusha na kuzikunja, na kalibu hutoka ikiwa na makunyanzi. Tumia rangi ya vikopo viwili au jelikoti yenyewe iliyotiwa nta.

Swali ambalo huwatia watu hofu ni kama kipande kitatoka kwenye kalibu bila kukwama. Jibu liko mkononi mwako. Kifuniko hicho kilishatoka kwenye kalibu kiwandani, kwa hiyo midomo yake ina mwinamo mdogo wa kufunguka kuelekea chini, nyuzi mbili tatu hivi. Kama hukuuharibu kwa puti, kitatoka tena. Pitisha rula ya pembe mraba kwenye kila mdomo. Ukikuta mahali ambapo mdomo unarudi ndani, ama upunguze kwa msasa, ama ujue kwamba kiwanda kilitumia kalibu ya vipande viwili na wewe ufanye vivyo hivyo.

Na kama kipande kimepotea kabisa? Tafuta boti dada ya aina ileile na uombe kukopa kwa siku mbili. Kalibu haimuumizi aliyekopesha kama umepaka nta ipasavyo. Usikimbilie kifuniko cha upande wa pili wa boti yako kabla hujakigeuza na kukitazama, maana mara nyingi kile cha kulia ni taswira ya kioo ya kile cha kushoto, na nakala yake haitakaa. Njia ya mwisho ni kujenga kipande mama kwa mbao za MDF, ukizilowesha rezini hadi zisinywe tena.

Pili: kalibu

Laza kipande mama juu ya ubao wa melamini, uso juu kama kinavyokaa kwenye boti. Ubao ndio utakaozaa ukingo wa kalibu. Ziba mwanya kati ya mdomo na ubao kwa plastisini na ukate ziada kwa kadi. Paka nta kwa tabaka nyembamba tano au sita, kila moja ukiisugua na kuiacha saa moja kabla ya inayofuata. Kwenye vichuguu, ondoa nta ya ziada kwa mswaki, la sivyo itajaza mabonde na utanakili nta. Kisha puliza au paka PVA kwa sponji laini na uiache ikauke. Usidhani kwamba nta ya gari itatosha. Nyingi zina silikoni, na silikoni huifanya jelikoti ijikusanye na kuacha macho matupu.

Sasa hadina. Hii ndiyo sehemu ya kemia ambayo hali ya hewa ya pwani huibadilisha, na maelekezo ya kwenye kopo, yaliyoandikwa kwa karakana yenye ubaridi, yanaweza kukupotosha. Hadina huwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Kwa kilo moja ya rezini, asilimia 1 ni gramu 10, ambazo ni karibu mililita 9 kwenye bomba la sindano. Kwa nusu kilo ni mililita 4.5. Joto likipanda kwa nyuzi 10, muda wa kuganda hupungua karibu nusu. Kiwango kilichokupa dakika 20 kwenye nyuzi 25 kitakupa kama 10 kivulini siku ya kaskazi. Mwenye hofu ya kugandiwa hupunguza hadina chini ya asilimia 1 ili apate muda, na hapo hukosea: rezini isiyofikiwa na hadina ya kutosha haikomai hadi mwisho, hata ukiiacha mwezi. Itabaki laini kwa ndani. Dawa si kupunguza hadina bali kuchanganya kidogo kidogo, nusu kilo kwa mara moja, kumimina kwenye chombo kipana badala ya kikombe kirefu, na kufanya kazi saa tatu asubuhi baada ya umande kukauka na kabla jua halijashika. Usifanye siku za mvua za masika. Unyevu huharibu jelikoti na hushikamana na glasi.

1. Paka jelikoti ya kalibu tabaka mbili, jumla karibu kilo moja kwa mita ya mraba. Baada ya ya kwanza, gusa pembeni kwa glovu. Ikinata bila kuacha rangi kwenye kidole, paka ya pili.
2. Ikifikia hali hiyohiyo tena, laza mati ya gramu 300 peke yake. Iraruliwe kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi, maana kingo zilizoraruka huungana bila kuacha ngazi. Paka rezini kwanza, laza mati juu, igongegonge kwa ncha ya brashi hadi iwe angavu, kisha pitisha rola. Uzito wa rezini kwa mati ni karibu mara mbili na nusu ya uzito wa glasi.
3. Iache ikauke. Kagua mapovu kwenye kona. Palipo na pango, pasua, jaza.
4. Ongeza tabaka tatu za gramu 450. Usizidishe tabaka tatu au nne kwa mkupuo, kwa sababu joto la kuganda hujilimbikiza na kupinda kalibu.
5. Ikishakauka kwa siku nzima, gundisha mbavu za mbao nyuma ya kalibu, ukiweka ukanda wa kadibodi chini ya kila ubavu ili alama yake isijitokeze usoni.
6. Usiitoe kabla ya saa 48. Poliesta hujikaza inapokomaa, na kalibu iliyotolewa mapema, bila mbavu, hupinda ikiwa rafuni.

Kuachanisha, anza na kabari za plastiki pande zote kidogo kidogo. Mimina maji kwenye mwanya, kwani PVA huyeyuka kwenye maji. Usitumie bisibisi. Kipande mama kikivunjika wakati huu si hasara. Kimeshamaliza kazi yake.

Tatu: kipande chenyewe

Piga nta na PVA upya. Paka jelikoti nyeupe, karibu nusu milimita, yaani gramu 600 kwa mita ya mraba. Kwa kifuniko chetu ni gramu 210 zilizobaki kwenye kalibu. Pima 250 kwa kuwa brashi nayo hula. Jelikoti nyembamba mno ina hatari isiyotarajiwa: rezini ya tabaka linalofuata huipenya, ikavimba na kukunjamana kama ngozi ya mamba. Rangi nyeusi au buluu iliyokolea inapendeza dukani, lakini kwenye jua la ikweta huwaka kiasi cha kuunguza mguu na kulainisha rezini.

Laza gramu 300, kisha 450. Zikishakauka, lowesha 450 nyingine na uzamishe moyo ndani yake ingali mbichi. Moyo huo ukatwe sentimita 5 ndani ya kingo zote, kingo zake zichongwe kwa mwinamo wa nyuzi 45, utobolewe vitundu vya kutolea hewa, na kama ni balsa upakwe rezini kwanza kwa maana hunywa. Ufunike kwa nailoni na uulemee kwa mifuko ya mchanga. Mahali pa bawaba na kufuli, usiweke povu wala balsa. Weka plaiwudi ya baharini au faiba tupu. Karibu kila moyo ulioharibika kwenye boti za zamani uliharibikia kwenye tundu la bolti. Povu jeupe la masanduku ya televisheni usilijaribu kabisa. Stairini huliyeyusha mbele ya macho yako.

Malizia kwa tabaka mbili za gramu 450 zinazopanda juu ya moyo hadi kwenye midomo, na ya mwisho iwe na rezini iliyotiwa nta. Rezini ya kawaida ya kulazia haikauki juu inapogusana na hewa. Itabaki ikinata, na wasiojua humlaumu aliyewauzia hadina.

Wapo watakaouliza kwa nini si epoksi. Epoksi hushika vizuri zaidi kwenye faiba ya zamani, na ukitaka kubandika kipande kipya juu ya boti ya miaka 50, tumia hiyo. Kwa kipande kinachosimama peke yake, kilichokua chote kwa mara moja ndani ya kalibu, faida yake haifidii bei. Tena mati ya kawaida imeshikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na stairini. Kwenye epoksi, isiyo na stairini, nyuzi hubaki ngumu na hazikai kwenye kona. Anayetaka epoksi hana budi kununua kitambaa kilichofumwa.

Nne: kukata na kufunga

Faiba ingali kama ngozi, muda mfupi baada ya kuganda, kisu kikali hukata ziada kwenye ukingo bila vumbi. Ukichelewa, ni grenda na barakoa. Acha kipande ndani ya kalibu saa 24 angalau, kisha kijaribu mahali pake kabla ya kutoboa chochote. Midomo huelekea kujivuta ndani kidogo, na msasa mdogo sasa ni rahisi kuliko bawaba zilizopinda baadaye.

Angalia kwa mpangilio huu:

- Kifuniko kinakaa bila kutikisika kona nne
- Mwanya pembeni ni sawa pande zote
- Matundu ya bolti yametobolewa makubwa, yamejazwa epoksi, kisha yametobolewa tena kwa kipimo chake
- Kila bolti ina washa pana au bamba upande wa chini, na silanti ya baharini juu
- Ukisimama katikati hakibonyei, na hakitoi sauti ya kupasuka

Sauti ya kupasuka inamaanisha moyo haukushika. Toboa vitundu viwili, ingiza epoksi kwa bomba la sindano kwenye kimoja hadi itokee kwenye kingine, uweke uzito juu.

Jaribio la mwisho ni la maji. Weka magazeti makavu ndani ya kasha, mwagia kifuniko ndoo kadhaa kutoka upande wa omo kama wimbi linavyokuja, kisha fungua. Magazeti yakiwa yamelowa kwenye mstari wa ukingo, tazama mpira wa kuzuia maji na mfereji wa kutolea maji kabla ya kukilaumu kifuniko. Mpira wa miaka 50 nao ulishakufa siku nyingi, na huo unauzwa kwa mita.